Bunduki Nyeupe ya Nyambu

Mmeniuliza mara nne sasa. Mara ya kwanza niliwajibu kwa simu, nikadhani yameisha. Mara ya pili mkamtuma katibu wa kamati anifuate mpaka sokoni Voi, nikiwa nimeinama nachagua miche ya nyanya. Mara ya tatu na ya nne mkanitumia picha: bunduki mbili zimelazwa juu ya kitambaa, moja nyeusi, nyingine inang'aa kama kijiko kipya, na chini yake mmoja wenu ameandika, "Mzee, tuchukue gani? Hii ya stenlesi si ndio poa? Haina kazi mingi."

Haina kazi mingi. Niliposoma maneno hayo niliweka simu chini nikaenda kuwapa kuku maji, kwa sababu kama ningejibu saa hiyo ningewatukana, na baadhi yenu ni watoto wa marafiki zangu.

Sasa nimetulia, lakini si sana. Nimeamua kuandika jambo lote kwenye karatasi ili lisomwe mbele ya kamati na mtu asiniulize tena. Shule niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hivyo karatasi hizi zimenichukua wiki nzima. Msizisome huku mnatazama simu.

Kwa wale mlioajiriwa juzi, mimi ndiye niliyetunza bunduki za ranchi yetu karibu miaka thelathini. Walikuwa wakiniita Fundi. Ranchi mnaijua: ardhi nyekundu chini ya vilima, ukielekea Kishushe, miiba, vumbi, na bwawa moja tu ambalo haliishi maji kiangazi kikikaza. Maji hayo ng'ombe wetu wanayataka, na nyati wanayataka pia. Ndiyo maana kila asubuhi lazima mtu mmoja mwenye bunduki awatangulie ng'ombe na wachungaji wao mpaka bwawani. Anaingia kichakani wa kwanza, anatazama, anasikiliza, kisha anawaita wengine. Akikutana na nyati asiyetaka kuondoka, hapo hakuna mwingine kati yake na pembe. Bunduki ikikataa, anayekufa ni huyo. Si meneja, si kamati, si mimi niliyeketi stoo. Mkilielewa hilo mtakuwa mmeelewa nusu ya barua hii.

Tuanze na rangi, kwa maana naona hata mnachouliza hamkijui.

Ile nyeusi haijapakwa rangi. Ni chuma cha kawaida kilichochemshwa kwenye dawa mpaka ngozi yake ya juu ikageuka nyeusi, na ukiigeuza juani unaona ubuluu ndani yake. Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Ukiifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni, itakaa kuliko wewe. Ukiiacha kavu, au ukaishika kwa mkono wa jasho ukaiweka tu, kesho utakuta alama ya vidole vyako imeandikwa kwa kutu. Na pale inaposuguana na bega na mkono, weusi unatoka, inabaki chuma tupu. Watu huona bunduki ya namna hiyo wakasema imezeeka. Haijazeeka. Imebebwa.

Ile nyeupe, mnayoiita stenlesi, ni chuma kilichochanganywa na madini mengine tangu kiwandani, ndani na nje, ili kutu isikishike upesi. Nimesema upesi. Sikusema kamwe. Tofauti ya maneno hayo mawili ilimvunja mtu mguu, na nitawaeleza.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Bakari, mtu wa Taveta, aliyekuwa ametengeneza silaha maisha yake yote kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mpole na msafi, hata bisibisi zake alizipanga kwa urefu. Mimi nilikuwa kijana mwenye haya nyingi. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu nilikuwa nalo lakini mdomo haukufunguka. Mzee Bakari hakunilazimisha kusema. Alisema kazi ya bunduki inafaa watu wakimya. Katika hilo alikosea, ingawa yeye mwenyewe hakuishi kwetu muda wa kutosha kuliona.

Siku moja alinunua misumari ya inchi sita, akaisugua yote kwa msasa mpaka ikawa myeupe, akatuita wote tunaogusa bunduki, na mpishi pia. Tulikuwa watano. Kila mtu akapewa msumari wake aushike kiganjani tangu chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana. Kisha akaipanga dirishani, kila mmoja juu ya kikaratasi chenye jina.

Kesho yake asubuhi msumari wa mpishi ulikuwa mweupe vilevile. Wangu ulikuwa na madoa ya kahawia. Wa Nyambu ulikuwa mwekundu kama umefukuliwa ardhini.

Nyambu ndiye aliyekuwa akitangulia ng'ombe bwawani. Alikuwa mtu wa Mwatate, mrefu, mwenye maneno, hodari wa kusoma nyayo kuliko wote niliowahi kuwaona. Wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini.

"Mwanangu Nyambu," Mzee Bakari akamwambia, "jasho lako ni maji ya betri."

"Kumbe," Nyambu akasema. "Mimi kila siku namlaumu mke wangu kwa kutoboa sufuria."

Lakini Mzee Bakari hakuwa akifanya mchezo. Aliniambia baadaye kwamba watu hawafanani jasho. Wapo wanaoweza kushika chuma mwaka mzima kisibadilike, na wapo wanaokiharibu kwa salamu moja. Ndiyo maana ile bunduki nyeusi aliyobeba Nyambu ilinisumbua kila jioni, hasa pale kwenye bolti, lile komeo la kuingizia risasi, na pale mkono wa kushoto unapoishika. Nilikuwa naifuta, naipaka, na asubuhi naipa jicho tena. Alipokuwa akistaafu kurudi kwao Taveta, Mzee Bakari aliacha neno moja kwa meneja: mkipata kibali cha kununua nyingine, mnunulieni Nyambu nyeupe. Mchague bunduki kwa kuutazama mkono utakaoishika, si kwa kuitazama bunduki.

Basi hapo baadhi yenu mtataka kuikunja karatasi mkimbie kusema mzee amechagua nyeupe. Kaeni chini.

Kibali kilipatikana, na bunduki nyeupe ikaja. Siku ilipofika, kamati yote ilikuja kuitazama. Kulikuwa na mjumbe mmoja aliyekuwa na duka la vipuri vya malori kule Maungu, mtu aliyejua kila kitu. Alitoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaiweka kwenye mtutu. Sumaku ikanata.

"Hii ni feki," akasema. "Stenlesi ya kweli haishiki sumaku. Nendeni jikoni mjaribu na kijiko."

Wakaenda jikoni. Wakajaribu na kijiko. Kijiko hakikunata. Wakajaribu na sufuria, wakajaribu na beseni, wakajaribu na kiti cha meneja. Mchana mzima watu wazima walizunguka na sumaku ya redio. Mmoja akataka bunduki irudishwe, mwingine akataka polisi waitwe.

Jibu nilikuwa nalo. Mzee Bakari alikuwa amenieleza kuwa stenlesi ziko za aina nyingi, na ile inayofaa mtutu wa bunduki kwa kawaida hushika sumaku vizuri tu. Kijiko ni aina nyingine. Lingekuwa neno la dakika moja. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, watu walikuwa wengi, na yule bwana wa Maungu alikuwa na sauti kubwa. Nikanyamaza. Mwishowe meneja alipiga simu duka la bunduki, akaelezwa yaleyale niliyokuwa nayo mdomoni, na watu wakaenda nyumbani wamechoka. Nililiona kama jambo la kuchekesha. Nikamsimulia mke wangu, tukacheka. Sikujua kwamba ninajizoeza.

Wiki hiyohiyo meneja alikuja stoo akaniambia, "Fundi, sasa tuna bunduki isiyoshika kutu. Kila jioni utakuwa unaisafisha nini? Pampu ya kisima cha pili imekufa. Kuanzia leo jioni zako ni za pampu. Bunduki utaikagua mara moja kwa mwezi."

Nikasema, "Sawa."

Sikilizeni, kwa maana hapa ndipo nataka kuwapiga kofi na siwafikii. Bunduki nyeupe si kipande kimoja cha chuma. Mtutu ni stenlesi. Bolti ni stenlesi. Lakini ndani mna springi, mna pini, mna skrubu, mna sahani ndogo inayoinua risasi kutoka kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi, na vitu hivyo vingi vyake ni chuma cha kawaida tu, kile kile cha bunduki nyeusi, tena bila hata ule weusi wa kuvisaidia. Vinajificha ndani ya nguo nyeupe. Bunduki nyeusi ikianza kuharibika inakuaibisha mapema, unaona wekundu nje, kila mtu anauona, meneja anakuuliza. Nyeupe inakusitiri. Inang'aa nje huku ndani inaoza, na wewe unatembea kifua mbele.

Na hilo si lote. Ilikuwa inameremeta mno. Siku hizi wanazipiga mchanga kiwandani zinafifia, lakini ile yetu ilikuwa kioo. Wachungaji wakamwanza Nyambu. Mutua, Mkamba mmoja aliyekuwa mkubwa wao, hakumwacha hata siku moja.

"Nyambu, jana niliona taa bwawani nikadhani ni treni ya Mombasa. Kumbe ni wewe."

"Endelea tu," Nyambu alimjibu. "Siku nikiacha kukutangulia utaenda na fimbo yako hiyo."

Lakini jambo lilimwingia, na alikuwa na haki. Mnyama anayeangalia upande wako akimulikwa machoni anajua uko wapi kabla hujajua yeye yuko wapi. Kwa hivyo Nyambu alifanya kile ambacho mtu wa kwetu angefanya. Alichukua tyubu ya baiskeli iliyokwisha, akaikata vipande virefu, akaizungushia bunduki kuanzia katikati ya mtutu mpaka karibu na bolti, ikabana kama bendeji, akafunga na waya. Ikawa nyeusi. Haikuteleza mkononi. Watu waliisifu, na mimi pia niliisifu.

Sasa stenlesi, vijana, inaishi kwa kupata hewa. Ukiifunika na kitu kinachobana, chini yake kukawa na unyevu wa chumvi usiokauka, inatobokatoboka kama ugonjwa wa ngozi. Mimi hilo nililijua. Mzee Bakari alikuwa amenionyesha kwenye kisu cha stenlesi kilichokaa mwaka mzima ndani ya ala ya ngozi.

Na chumvi ilitoka wapi? Jasho la Nyambu lingetosha peke yake. Lakini mnakumbuka pale karibu na bwawa tulikuwa na kibanda cha chumvi ya ng'ombe, magunia yamepangwa na kihori mbele yake. Nyambu akishawaingiza ng'ombe majini alipumzika hapo, na bunduki aliilaza juu ya magunia, kwa sababu ardhini kuna vumbi na alikuwa akijali bunduki yake. Kila asubuhi, saa nzima, juu ya chumvi. Unga wa chumvi uliingia kwenye magazini, ukaingia chini ya tyubu, umande ukaulainisha, jua likaukausha, umande tena. Mtu aliyetaka kuiharibu bunduki hiyo makusudi asingefanya vizuri zaidi.

Nilikuja kugundua jioni moja nilipotoka kwenye pampu. Nyambu alikuwa anairudisha bunduki, nikaipokea mimi mwenyewe kwenye dirisha la stoo. Nilivuta bolti. Ilikuja, lakini ilikuja kwa kusita, kwa sauti ya mchanga. Nikaibonyeza sahani ya magazini kwa kidole. Ilishuka, ikakawia kupanda. Haikugoma, ilikawia tu.

Nikamwambia, "Nyambu, hebu tufungue mpira huu tutazame. Na hii magazini niitoe."

"Leo?"

"Si kazi ya muda mrefu."

"Fundi, nimefunga hii waya nusu siku. Nikifungua leo kesho nitaenda na nini? Si mmesema wenyewe haishiki kutu? Ama umeona kutu?"

Sikuwa nimeona kutu. Nje ilikuwa safi kama sahani.

"Naisikia," nikasema.

Akacheka, bila ubaya. "Unaisikia. Mutua, njoo usikie, Fundi anasikia kutu kama daktari wa kifua."

Wachungaji wakacheka. Mutua akaweka sikio kwenye kitako cha bunduki akasema mgonjwa anahitaji uji. Na mimi, badala ya kusema hapana, badala ya kuifungia ndani na kumpa ile nyeusi ya zamani iliyokuwa kabatini nimeipaka mafuta inangoja, nilicheka nao. Nikachukua kitabu cha stoo. Kila bunduki ikitoka au ikirudi nilipaswa kuandika hali yake. Nikaandika neno moja: Sawa.

Neno hilo nimeliona mara nyingi tangu siku hiyo. Liko pale, kwa mwandiko wangu.

Baada ya wiki mbili hivi, asubuhi, Nyambu alikutana na nyati dume mzee, wa wale wanaofukuzwa na kundi wakabaki na hasira zao. Alikuwa amelala kwenye tope upande wa pili wa kibanda cha chumvi. Mutua aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyenieleza. Nyati aliinuka. Nyambu alipiga risasi ya kwanza ardhini mbele yake, kama tunavyofanya, ili ageuke. Wengi hugeuka. Huyu hakugeuka. Nyambu akavuta bolti, ganda likaruka, akasukuma bolti mbele, akalenga, akavuta kifyatulio. Kikalia tik. Akavuta bolti tena, akasukuma. Tik. Risasi nne zilikuwa ndani ya magazini, zimekaa chini, hakuna kitu cha kuziinua.

Nyati alimpiga kwenye paja akamtupa juu ya boma la miiba. Kilichomwokoa ni yale magunia, maana nyati alirudi kumalizia akakutana nayo kwanza, akayapasua, na wakati huo Mutua na wenzake walikuwa wamefika na mbwa na mawe na kelele. Akaondoka.

Meneja alimpeleka Voi hospitalini na pikapu. Mimi nililetewa bunduki.

Nilikata waya, nikafungua tyubu. Chini yake mtutu mweupe ulikuwa na vishimo vidogo vyeusi, vingi, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nikatoa skrubu mbili kwa shida, ya tatu ikakatika. Magazini ilipotoka, springi haikuwa springi tena. Ilikuwa tofali. Kutu na chumvi na vumbi letu jekundu, vimeungana vikawa kitu kimoja, na nilipokigonga mezani kilianguka vipande vitatu.

Meneja aliandika barua dukani kwamba wametuuzia bunduki mbovu. Alinisomea aliyoyaandika ili nithibitishe. Hapo mdomo wangu ulifunguka kwa mara ya kwanza, nikamwambia bunduki si mbovu. Nikamweleza tyubu, nikamweleza magunia, nikamweleza jioni ile ya dirishani. Barua hakuituma. Pampu haikutajwa tena, si na yeye wala na mimi.

Nilikwenda Voi siku ya nne. Nyambu alikuwa amelala mguu umefungwa umeinuliwa kwa kamba, mke wake amekaa pembeni anamenya chungwa. Aliniambia nikaribie.

"Wanasema springi," akasema.

"Springi."

"Ile jioni ulijua?"

Mke wake aliacha kumenya.

"Nilijua," nikasema. "Sikujua yote. Lakini nilijua haifai kwenda bwawani."

Nilingoja anitukane. Ningelifurahi.

"Sasa mbona hukuninyima?" akasema. "Mimi ni mtu wa kelele, Fundi. Hata wewe unajua. Wewe ndiye mwenye ufunguo. Ungeninyima tu."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Sitawaambia nililia au sikulia.

Basi swali lenu. Kama atakayeibeba ana jasho kali, na bwawa liko palepale na chumvi iko palepale, nunueni nyeupe, iliyofifishwa isiyometa. Msiifunge tyubu wala kitambaa wala kitu chochote. Magazini itolewe kila jioni, ipulizwe, ifutwe, springi ipakwe tone moja la mafuta, na tone ni tone. Mafuta mengi na vumbi letu ni msasa. Isilale ndani ya ala. Isiguse gunia la chumvi hata mkiwa mmechoka. Kama mtachukua nyeusi, mfanye hayohayo, na kuongeza kuifuta nje yote kabla ya kuiweka, kila siku, hata siku ambayo haikutoka, kwa sababu watu hupita stoo wakaigusa. Fanyeni ule mtihani wa misumari mjue mikono yenu. Mnaona basi? Kazi ni ileile. Aliyewaambia nyeupe haina kazi anauza, au ni mvivu, au ni meneja.

Lakini kabla ya kamati kupiga kura ya rangi, ichague mtu wa kushika ufunguo. Asiwe rafiki wa kila mtu. Awe anaweza kumwambia mwenzake hapana watu wakiwa wanacheka.

Mimi sikuzaliwa hivyo, na nitamaliza kwa kuwaeleza siku niliyoanza.

Nyambu alikaa nje ya kazi miezi mingi. Aliporudi, mguu ulikuwa mfupi kidogo, na meneja alitaka kumpa kazi ya lango. Alikataa. Alitaka bwawa lake. Ile nyeupe nilikuwa nimeitengeneza, springi mpya, skrubu mpya, vishimo vya mtutu nimevisugua nikavitia mafuta, ilikuwa inapiga vizuri. Siku ya kwanza alikwenda nayo akarudi salama. Lakini jioni hiyo nilikuwa nimemwachia meneja ufunguo nikamsindikiza mtoto wangu zahanati, na Nyambu aliirudisha akaiweka rafuni kama ilivyo.

Asubuhi nilipofika nikaitoa, nikafungua magazini. Kulikuwa na vumbi, na kwenye kona ya sahani, punje mbili nyeupe. Niliweka moja ulimini. Ilikuwa chumvi.

Nje ng'ombe walikuwa wameshafunguliwa, wanalia. Mutua na wachungaji wake wamesimama na fimbo. Meneja yuko ndani ya pikapu, injini inanguruma, anataka kwenda Kishushe. Nyambu akaja dirishani akanyoosha mkono.

"Siwezi kukupa," nikasema.

"Nini?"

"Ni chafu. Na ile nyeusi sikupi pia, kwa sababu hii wewe ndiye uliyeichafua."

Wachungaji waliguna. Mutua akasema, "Leo Fundi ameamka na upande gani?" Mmoja akacheka.

Meneja akatoa kichwa dirishani mwa pikapu. "Fundi, mpe aende. Ng'ombe wana kiu."

Nilitoa kitambaa, ufito wa kusafishia mtutu na chupa ya mafuta, nikavipanga kwenye kizingiti cha dirisha, nikaweka bunduki kando yake, wazi, tupu, risasi zote zimebaki mkononi mwangu.

Nyambu alivitazama. Alinitazama mimi. Kisha alichukua kitambaa, akaketi kwenye ngazi ya stoo na mguu ule mbovu ameunyoosha mbele, akaanza kutoa springi.

Mutua aliuliza wafanye nini na ng'ombe.

"Wangoje," Nyambu akamwambia, bila kuinua kichwa.

Siku hiyo walifika majini jua likiwa limeshachoma. Nyambu alikuwa mbele yao, anachechemea.